Kopo la Maziwa ya Mtoto

Maribel, leo kuna mama kaingia ofisini bila miadi, kashika kopo la maziwa ya mtoto.

"Mimba yangu ilitoka mwezi wa tatu," akasema. "Nilijifuta kwenye programu yenu ya wajawazito. Nani kawapa watu wa maziwa anwani yangu?"

Nikamwahidi nitafuta taarifa zake kwa mkono wangu.

Bosi wangu Grant akacheka. Akacheka, Maribel! "Dada, hapa hatufuti, tunaficha tu. Wewe mwambie tumefuta."

Mwambie tumefuta! Jitu zima na kizibao cha kampuni, linauza msiba wa mtu halafu linajiita rafiki wa akina mama. Kinyaa!

Nimemfuta kweli, mpaka nakala za akiba. Nikampigia simu kumwambia. Bado analia kunishukuru, Grant akaninyang'anya kitambulisho cha kazi.