Pani ya Chapati Iliyotoka Amerika

Mshauri wetu mpendwa,

Pokea salamu kutoka hapa Shard End kwa Waingereza, sisi hatujambo, Baba Audrey mzima ila mgongo unamsumbua kwa kuwainua wazee kazini, Audrey mzima na vitabu vyake vya chuo, mdogo wake Oliver ameng'oka jino la mbele na anamchekea kila mtu, hata jirani yetu Saido anakusalimu, nasi tunaomba nawe uwe salama na wote wa nyumbani kwako.

Baada ya salamu, naomba unisaidie, mimi shule niliachia darasa la tano kwa hivyo nikikosea unisamehe. Nina mdogo wangu Angeline, anakaa Amerika. Mama yetu alipofariki hakuja mazishi, alisema ni makaratasi yake ya ukaazi, mimi nikamwambia maneno mabaya, tukakaa mwaka mzima bila simu. Juzi posta ikaniletea pani ya umeme ya chapati, ameituma yeye, pana, nzuri, hata nikalia nikasema mdogo wangu amerudi. Meno ya plagi yake yakakataa kuingia ukutani, nikaenda sokoni nikanunua adapta, nikachomeka, nikapaka mafuta. Mshauri, chapati ya kwanza sijaigeuza, pani ikaanza kunguruma, moshi, harufu ya kuungua, kisha adapta ikalia pa! Nikamnyakua Oliver nikakimbia nje na mikono ya unga.

Hapo ndipo shetani alinishika ulimi, nikaona pani imerogwa. Nikamtumia Angeline ujumbe wa sauti: "Kama ulitaka nimfuate mama, ungeniambia tu." Alijibu maneno mawili, "Sawa, dada." Basi, hajanipigia mpaka leo. Saido aliposikia akaniambia, "Mama Audrey, mchawi gani wa kulipa posta yote hiyo? Si angekuroga bure tu!" Nikamkasirikia.

Lakini Audrey alipotoka chuoni akaigeuza pani, akasoma kibandiko cha chini. Huyu hunijibu Kiingereza siku zote, siku hiyo alijikaza na Kiswahili ili nielewe. "Mum, aunty hajafanya kitu. Hapa wameandika volti 120, ampea 12. Gawanya, unapata 10. Hiyo ndiyo ukinzani, yaani vile waya wa ndani unauzuia umeme. Haibadiliki hata pani ikipanda ndege." Akasema umeme wa hapa ni volti 230, ukigawanya kwa ile 10 unapata ampea 23, na 230 mara 23 ni wati 5,290, kumbe kule kwa Angeline ilikuwa inakula 1,440 peke yake. "Imekula karibu mara nne, mum, ingekosaje kuungua?"

Mshauri, nilikaa chini mzigo ukanitoka kifuani. Lakini nikifua nguo wazo linanirudia, huyu mtoto anampenda mama yake mdogo, je, hawezi kutunga hesabu ili tupatane? Mimi kugawanya sijui, nitajuaje? Na kama ni kweli, mimi mkubwa nitaanzia wapi kwa mdogo? Jumapili tunamkumbuka mama kwa maombi ya simu, na Angeline atakuwepo. Tafadhali nijibu upesi kabla ya siku hiyo.

Mimi, Mama Audrey.

JIBU

Mama Audrey, salamu zimefika, na Oliver mpe pole ya jino. Sasa keti.

Hesabu ya binti yako nimeipiga mwenyewe, kisha nikamsomea kwa simu Parminder, fundi umeme wa Hockley. Akacheka, akasema, "Huyo msichana akimaliza chuo aje kwangu." Ni kweli tupu. Angeline hana kosa. Pumua yote, usipumue nusu.

Volti ndiyo nguvu inayousukuma umeme, ampea ni wingi unaopita. Hapa unasukumwa karibu mara mbili ya kule, basi unapita karibu mara mbili. Na moto ni hivyo viwili vikizidishana, ndiyo maana ukakaribia mara nne. Adapta yako hubadilisha meno tu, nguvu haiigusi. Na ile pa! iliyokukimbiza ni fyuzi ya adapta, ilijikata yenyewe ili nyumba isiwake. Iliyokutisha ndiyo iliyokuokoa.

Lakini wewe nawe! Kibandiko kiko chini ya pani, mtoto anayejua umeme yuko nyumbani, wewe ukakimbilia kuroga na kurogwa. Huo ulimi wako hauna fyuzi? Angeline hakujua kwamba umeme wa kwako si kama wa kwake, kama wewe mwenyewe usivyojua. Alichojua ni kwamba dada yake anapenda kupika chapati.

Usingoje Jumapili. Mpigie leo, na usimtumie sauti tena, ataogopa kuifungua. Kabla hujataja volti hata moja, sema, "Mdogo wangu, nilikukosea." Mkubwa ndiye huanza. Na ya mazishi uyaseme pia; makaratasi ya ugenini unayajua vizuri, au umeshayasahau ya kwako? Ukishamaliza, mpe Audrey simu amweleze hesabu.

Pani hiyo usiichomeke tena, wala mtu asikushauri kuweka fyuzi kubwa zaidi. Jumapili pika kwa kikaango chako cha chuma cha zamani, umtumie picha. Akiuliza pani yake iko wapi, mwambie ilizoea kusukumwa polepole, ikafika kwako ikakuta haraka. Atacheka. Akicheka, ifunike chapati moja kando, iwe ya mama yenu, kisha mkaombe.