Mashine Iliyougua Kila Jirani Alipoondoka

Jumatatu, 8 Januari

Taa nyekundu inawaka kwenye mashine ya hewa. Kusema kweli inawaka tangu Krismasi, ila nilikuwa nimeifunika kwa taulo. Leo taulo limeanguka, tukatazamana.

Mashine ilikuwa kazi ya Unto, mume wangu. Yangu ilikuwa maua na oveni. Tulipomzika nikadhani inajiendesha yenyewe, kama friji. Kumbe ina vichujio, na vichujio vinataka mtu.

Madirisha yanatoa jasho. Chumba cha kulala kinanuka kabichi ya juzi. Na huwezi kufungua dirisha – nje ni nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri, utabaki bila masikio.

Nikampigia Jarkko huko Tampere. Mwanangu anajua kila kilichomo ndani ya kompyuta na hajui chochote kilicho ukutani. Ita fundi, mama, akasema. Kisha, kwa ile sauti laini ya kusemea na wagonjwa, akauliza kama nyumba hii haijawa kubwa mno kwangu. Nikamwambia kabichi inaungua, nikakata simu.

Hakukuwa na kabichi yoyote jikoni.

Jumatano, 10 Januari

Nimemwita Kauko Tervonen, jirani wa upande wa ziwani. Alifunga mitambo ya hewa maisha yake yote, sasa amestaafu. Miaka yote hii mazungumzo yetu yamekuwa haya: mimi nasema theluji imeanguka, yeye anasema naam, imeanguka. Mkewe alihamia Hispania na mwalimu wa dansi. Siilinjärvi nzima, mji wetu huu, inajua, na hakuna aliyewahi kulitaja mbele yake.

Alivua viatu mlangoni, akaingia chumba cha kufulia na soksi zake za sufu, akafungua mlango wa mashine kama mtu anayefungua kabati lake mwenyewe. Akavuta kichujio. Kilikuwa cheusi kama godoro la mchoma mkaa. Akakitazama kwa muda mrefu, akauliza kilibadilishwa lini. Nikasema Unto ndiye aliyekibadilisha. Unto tulimzika mwaka juzi.

“Basi, jirani,” akasema Kauko, “umekuwa ukivuta hewa kwa msaada wa marehemu.”

Nilicheka mpaka nikashikilia mashine ya kufulia. Mtu mwingine angeniudhi. Yeye alisema bila kutabasamu, huku akifuta vumbi kwa kitambaa, na nikajua Unto naye angecheka.

Akanionyesha gurudumu lililo ndani. Linazunguka polepole, limejaa vitundu kama sega la nyuki. Hewa chafu ya nyumbani inapita ikitoka, inaliachia joto lake. Hewa mpya ya nje inapita ikiingia, inalichukua joto lilelile. Hivyo nyumba inapumua bila kupoa. Nimeishi na kitu hiki miaka yote na sikuwahi kujua!

Akanywa kahawa, akala mikate mitatu ya iliki. Akaaga.

Jumapili, 14 Januari

Hewa safi. Madirisha makavu. Nyumba hainuki chochote.

Mashine inafanya kazi vizuri. Vizuri mno.

Ijumaa, 19 Januari

Leo nimefanya jambo la kijinga.

Nilipanda ngazi sebuleni, nikazungusha kifuniko cha tundu la hewa la darini mpaka kikatoka, nikasokomeza soksi ya Unto ndani ya bomba, nikarudisha. Dakika hiyohiyo tundu likaanza kupiga mluzi kama birika. Zuri sana. Nikapiga simu nikiwa bado juu ya ngazi.

Kauko, nikamwambia, kuna mluzi.

Akaja. Akasimama katikati ya sebule kichwa juu, akiusikiliza kama mtu aliye kanisani. Akapanda, akatoa kifuniko, akatia mkono. Akatoka na soksi. Mimi nikawa natazama ua langu la dirishani, ambalo ghafla lilihitaji kung'olewa majani makavu.

Nilitarajia aulize. Watu wa huku kwetu Savo hawaulizi. Aliikung'uta, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza.

“Upepo ulikuwa mkali wiki hii,” akasema.

Nikasema naam, ulikuwa mkali.

Kahawa. Mikate minne. Akasimulia kuhusu nyumba moja ambamo alikuta kunguru ndani ya bomba, na kunguru huyo akamfuata mpaka kwenye gari. Aliondoka giza likianza kuingia. Nilisimama dirishani nikamwona akivuka theluji, na kabla ya kufika kwake akageuka kuitazama nyumba. Nikaruka nyuma ya pazia. Umri wangu sitauandika hapa.

Jumanne, 23 Januari

Nimesoma kijitabu cha mashine, chote, hata kurasa za Kiswidi. Gurudumu linazungushwa na mkanda. Mkanda ukitoka, gurudumu linasimama. Gurudumu likisimama, hewa inaingia na baridi yake yote.

Nimesoma tu.

Ijumaa, 26 Januari

Sikusoma tu.

Nilizima swichi kama kijitabu kinavyoagiza – mimi ni mharibifu mwangalifu – nikauchomoa mkanda kwa kidole, ukaning'inia kama utepe. Nikawasha tena. Nikavaa koti, nikaketi sebuleni kungoja nyumba ipoe vya kutosha ili simu yangu iwe ya haki. Nje nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri. Haikuchukua muda.

Kumbe Jarkko akapiga kwanza, simu ya picha. Nami nikapokea bila kufikiri, na koti, na kofia, na mvuke ukinitoka mdomoni katika sebule yangu mwenyewe.

Akaitazama kofia. Kisha akasema maneno mengi. Kwamba hawezi kufanya kazi akiwaza mama yake ameganda kitini. Kwamba kuna fleti karibu nao, ina lifti, na mambo ya hewa yanashughulikiwa na kampuni. Kwamba atakuja Jumamosi ya tarehe kumi, apige picha za nyumba, tuanze kuitangaza. Nikasema ni mkanda tu. Akasema juzi ilikuwa kichujio, jana mluzi niliomtajia, leo mkanda, kesho itakuwa nini?

Nilitaka kumwambia ukweli. Lakini ukweli wenyewe ukoje? Mama yako anaivunja nyumba kwa mikono yake ili mtu aje ale mikate?

Kauko alipofika aliurudisha mkanda upesi kuliko nilivyoutoa. Akaubonyeza, akauvuta. Akasema ni mkanda mzima kabisa, haujalegea, haujakatika, ajabu ulivyojitoa wenyewe. Nikamweleza habari ya Jarkko na fleti. Akaacha kutafuna.

“Tampere,” akasema.

 Alibakiza nusu ya mkate kwenye sahani. Hajawahi.

Jumamosi, 27 Januari

Nimejitia kitanzi mwenyewe. Kila nilipomwita Kauko, nilimpa mwanangu sababu ya kuiuza nyumba. Naapa, sitaigusa tena ile mashine. Itakuwa na afya kuliko mimi. Jarkko akija atakuta nyumba kavu, yenye joto, inayopumua kama mtoto aliyelala.

Kauko basi sitamwita. Hana sababu ya kuja, nami sina ya kumwita. Ukiwa umeishi hapa unajua: mtu haendi kwa jirani bila sababu. Hata Unto alipokufa, Kauko alikuja na koleo la theluji mkononi, akasafisha njia yote mpaka barabarani, ndipo akabisha hodi.

Jumatatu, 5 Februari

Siku ya vikeki vya Runeberg, mshairi wetu wa taifa. Nimeoka vyote kama kawaida, na mlaji ni mmoja. Nikamwona Kauko akipanga kuni zake upya. Alizipanga wiki iliyopita pia.

Saa ya kahawa akabisha. Akasema yuko njiani – njiani kwenda wapi, kwangu ndiko njia inakoishia – akaona bora autazame ule mkanda. Nikasema mkanda hauna neno. Akasema mkanda hutazamwa. Akajifungia chumba cha kufulia, nikasikia mlango wa mashine ukifunguliwa, kisha kimya, kisha ukafungwa. Akala vikeki viwili. Akasema mkanda hauna neno.

Jumatano, 7 Februari

Mashine inalia. Trrr, trrr, trrr, kama mtu anayechanganya karata. Tangu jana asubuhi.

Mimi sikufanya! Naandika hapa ambapo hakuna mtu wa kudanganya: sikuigusa.

Niliogopa kweli. Jarkko anakuja Jumamosi, na sasa inakufa yenyewe, kwa haki. Nikazima, nikafungua. Kichujio kipo, cheupe. Mkanda upo. Nikavuta kichujio, nikaangaza tochi. Nyuma yake, palepale feni inapozunguka, kuna ganda jembamba jeupe, limejikunja kama ulimi. La kuni. Kuni za birchi, mti wa gome jeupe.

Nikakaa sakafuni nalo kiganjani, nikalifikiria. Kitu kinachoingia kutoka nje kinakutana na kichujio kwanza. Hata unywele haupiti. Ganda hili lilikuwa ng'ambo ya pili. Limewekwa. Na mimi nina joto la umeme, sina kuni hata moja. Mwenye kuni ni mmoja, na anazipanga kila wiki.

Kauko Tervonen. Mzee mzima!

Nilicheka peke yangu sakafuni mpaka nikalia kidogo, kisha nikacheka tena.

Baada ya hapo mtu mwenye akili angelitupa lile ganda. Mimi nimelirudisha. Palepale, limejikunja vilevile. Nikampigia simu nikasema kwa sauti ya mjane mnyonge kwamba kuna mlio wa ajabu. Akasema kweli? Akasema haraka mno. Atakuja Jumamosi asubuhi. Kabla ya hapo anampeleka dada yake hospitali Kuopio kwa ajili ya macho. Jarkko atafika mchana. Muda upo.

Jumamosi, 10 Februari

Muda haukuwepo. Jarkko aliondoka Tampere alfajiri.

Naandika nikiwa nimeketi juu ya kikapu cha nguo chafu, katika chumba cha kufulia. Shajara hii niliificha hapa, chini ya mashuka, ili Jarkko asiione. Niandike upesi.

Jarkko aliingia, akasikia trrr, akanitazama kwa huruma ile nisiyoipenda. Akaja hapa na simu yake ya kupigia picha, akamkuta Kauko kapiga magoti mbele ya mashine iliyo wazi, na mkono umo ndani mpaka begani. Wakasalimiana. Jarkko akasema ni bahati njema amekutana na mtaalamu, akamwomba amwambie bila kuficha: mashine hii imebakiza uhai gani?

Kauko akautoa mkono. Ngumi imefungwa. Akasimama taratibu, magoti yake yakalia.

“Mashine haina ugonjwa,” akasema. “Ingeweza kukaa hivi miaka mingi. Kuna mtu anayeitia ugonjwa makusudi.”

“Nani?” Jarkko akauliza.

“Mimi,” nikasema.

“Mimi,” akasema Kauko. Kwa pamoja, kama wanakwaya.

Nikamtazama. Akanitazama. Masikio yake yalikuwa mekundu kama ametoka kwenye mvuke wa sauna. Akafungua ngumi, ganda lile likaonekana, na Jarkko akalitazama kama ushahidi wa mauaji.

Nilieleza. Soksi, mkanda, koti. Kauko akaeleza la ganda, kwa maneno machache kuliko haya. Kwamba habari ya Tampere haikumkaa vizuri.  Jarkko aliketi pale kwenye kizingiti cha sauna, mtu mzima, mkuu wa idara, simu mkononi. Nilidhani atakasirika. Akauliza tu kwa nini sikumwambia kuwa nilikuwa mpweke. Nikasema hakuniuliza, aliniuliza kuhusu ukubwa wa nyumba.

Lile lilimuuma. Nililiona likiingia. Nikamshika shavu.

Kisha akainuka na kusema, “Mzee Kauko, twende jikoni tunywe kahawa. Mama, wewe baki hapa kidogo.”

Nibaki! Katika nyumba yangu! Nimebaki.

Wameketi. Vijiko vinagonga vikombe. Bomba la jikoni linakuja moja kwa moja mpaka hapa juu ya kichwa changu, na sauti zinakuja nalo, ila mashine imewashwa tena, inavuma, napata nusunusu. Jarkko ameuliza kitu kirefu. Nimeshika “mama yangu”. Nimeshika “nia yako”.

Kauko hajajibu. Anafikiri. Namjua, ana kimya cha kutosha msimu mzima wa baridi.

Sasa anasema kitu. Polepole. Siyasikii maneno! Hewa inavuma tu, safi, ya joto, nzuri kabisa, haina faida yoyote kwangu.

Swichi iko hapa. Mkono unafika.

Nimeizima.

Kimya. Hata kahawa naisikia ikimiminwa. Kauko amekomea katikati ya neno. Bila shaka – ni fundi, amesikia imezimika kabla hata ya mwanangu.

Mmoja wao anacheka. Kiti kinasogezwa. Sijui cha nani. Nyayo za soksi za sufu zinakuja kwenye korido, nami mkono mmoja ungali juu ya swi–