Kamba ya Eliza

Mjukuu wangu Neema,

Huku Uswidi, mtaani kwetu Hässelby, tumeamka salama, na mama yako amepata kazi mtaa wa Kista. Umeniuliza kutoka Kanada kwa nini yule mtoto wa walowezi mliyesoma habari zake shuleni, aliyetekwa akalelewa na Wamohawk, wenyeji wa asili wa huko, alikataa kurudi kwa wazazi wake.

Nitakujibu kwa habari ya kwetu Afrika: mdogo wangu Eliza alitekwa vitani akiwa na miaka minne. Tulimpata ng'ambo ya mto baada ya miaka kumi, akilelewa na mwanamke wa huko, tukamrudisha nyumbani. Nyumbani tulibeba kuni kichwani. Yeye alizibeba mgongoni, kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso.

"Weka kichwani, hapa si kule!" nilimfokea.

"Mama alinifundisha hivi."

"Mama yako ni huyu hapa!" nikamwonyesha mama yetu.

Kwa wivu niliikata kamba ile. Ndipo nikayaona mafundo: kila Eliza alipokua, yule mwanamke aliyemlea aliunga kipande kingine. Eliza akaokota vipande, akavuka mto, akarudi kwa yule mwanamke.

Nasikia yule mwanamke unayeishi kwake huko Kanada unamwita mama. Wivu bado ninao, sikufichi. Lakini safari hii sikati kamba: nitumie vipimo vyake, nimshonee gauni la kitenge.

Bibi yako anayekukumbuka