Mahali Kidole Kinafika

Jumatatu, 3 Juni 1996

Leo thieta Daktari Kibiwott amepasua, ametoa uvimbe mwingine wa utumbo mpana. Umeota chini kabisa, karibu na njia ya haja. Tena! Mgonjwa ni Khisa, mkata miwa, hata ndevu hazijajaa. Kitabu changu cha chuo kinasema huu ni ugonjwa wa wazee. Basi hawa vijana wetu wametoka wapi? Nimemuuliza Kibiwott. Akacheka — ati mimi klinikal ofisa naulizanga maswali kama mtoto wa nasari. Acheke tu. Nataka kujua.

Alhamisi, 6 Juni

Nimezunguka wodi nikiuliza. Wenye uvimbe huu wote walianza kuona damu chooni zamani sana. Mmoja alipewa dawa ya ameba, akarudi, akapewa ileile. Mwingine aliambiwa ni bawasiri, akawa anapaka mafuta. Navalayo wa Lumakanda alikunywa mizizi mpaka tumbo likakataa. Halafu nikauliza lile swali langu: kuna mtu aliwahi kukupima huko kwa kidole? Hakuna. Hata mmoja! Navalayo alijifunika uso kwa leso. Na karibu uvimbe wote uko mahali kidole kinafika. Nilifurahi kugundua, halafu nikaona aibu kufurahi.

Lakini kwa nini vijana? Labda wazee nao wanaugua, ni kuja tu hawaji. Wanafia nyumbani na siri yao. Hiyo sijui bado.

Jumapili, 9 Juni

Tumetoka Matungu kwa wakwe. Baba mkwe, Mzee Shitanda, hakuketi kanisani — alisimama nyuma ibada nzima. Amekonda, shati linamning'inia. Obusuma, ugali wetu, aligusa tu. Umri wake ndio ule wa kitabu.

Lakini nitamuuliza vipi? Mimi ni mke wa mwanawe. Tangu niolewe hatujawahi kushikana mkono, mila hairuhusu, na akiwa na neno kwangu hupitia kwa Mama, mkewe. Nikamtuma mume wangu, Philip. Akarudi akisema Mzee yuko sawa, ni mgongo tu. Hakuuliza! Nimemjua kwa macho. Mwoga mkubwa. Nimemnunia njia yote.

Jumatano, 12 Juni

Nimemwambia Philip wazi: baba yako anaweza kuwa na kansa. Amelia. Kesho kutwa anamleta.

Ijumaa, 14 Juni

Wamefika, Mzee na Mama Pascalia. Na Kibiwott ameitwa Eldoret mpaka Jumatatu! Chumbani ni mimi peke yangu. Mzee aliponiona akageukia mlangoni. Akamwambia Mama warudi nyumbani. Nikaingia haraka nyuma ya pazia asinione, nikamwambia Mama kwa sauti, Mzee asikie: akirudi Matungu leo, hatakuja tena.

Mama akafikiri. Halafu: "Lete hiyo glavu. Mimi ni mke wake, kuna nini hapo sijui?"

Ai! Hii hakuna chuo kinafundisha. Nikapitisha glavu na mafuta, nikageukia ukuta, nikawa namwelekeza. Polepole, Mama. Zungusha kidole. Unasikia nini? Akasema laini. Laini. Kisha akasimamisha kidole. Akasema kuna kitu kigumu kama goti, na kinakwaruza. Alipotoka glavu ilikuwa na damu. Aliniangalia usoni, na sikuweza kumdanganya.

Mzee akaniita — yeye mwenyewe! Si kupitia kwa Mama.

"Mke wa Philip. Hiyo kitu ikikatwa, choo itapitia wapi?"

Nikamwambia ukweli. Pengine tumboni, kwa mfuko. Maisha yake yote.

Halafu:

"Ningekuwa ni baba yako aliyekuzaa, ungeniambia nikubali?"

Nikamwambia naenda kutafuta karatasi za kumlaza. Karatasi ziko pale mezani, ameziona. Niko stoo, nimekalia boksi la dripu, naandika haya. Namwogopea. Ukuta ni mwembamba. Namsikia akimuuliza Mama viatu vyake viko wapi.