Bima ya Gari na Jina la Mkwe

Ijumaa. Mvua ya rasharasha tangu alfajiri, ile ya London isiyokulowesha wala kukuacha mkavu. Nimeamka nimenuna kabla hata sijajua ninanunia nini. Nilipoweka chai jikoni ndipo nikakumbuka. Bima.

Leseni yangu ilirudi mwezi uliopita, baada ya miezi sita ya kufungiwa kuendesha. Siku ilipofika nilimshukuru Mungu na kupika biriani, mjinga mimi, nikidhani yamekwisha. Kumbe kurudishiwa leseni si kurudishiwa barabara. Bila bima gari haliruhusiwi hata kusimama mtaani, kwa hiyo langu limelala uani kwa wifi yangu anayekaa Thornton Heath, limefunikwa turubai kama maiti.

Na leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao. Msimamizi wangu aliniambia wazi kwamba nisipoleta cheti cha bima leo kabla ofisi haijafungwa, mzunguko wangu wa zamani, ule wa gari wa kutoka Wembley hadi Harrow, Jumatatu anapewa mtu mwingine moja kwa moja. Simlaumu. Amenisubiri kuliko alivyopaswa.

Mzunguko wenyewe nisingeulilia, ila yumo Bi Shirin.

Bi Shirin ni Mhindi wa Unguja. Alikuwa mshonaji, na kumbukumbu zake sasa zinamtoka moja moja. Kiingereza kimekwenda. Kigujarati kinakuja na kupotea. Kiswahili ndicho kilichobaki, tena kizuri kuliko changu. Mwanawe anakielewa lakini anamjibu kwa Kiingereza, na mama anamtazama kama mgeni. Jumapili iliyopita nilikwenda kumwona kwa basi, siku yangu ya mapumziko. Amekonda. Wahudumu wanaandika kwamba anakataa chakula. Hakatai. Anaomba maji ya kunawa mikono kwanza, anaomba mara mbili tatu kwa adabu, hakuna anayemwelewa, sahani inaondolewa.

Basi ndiyo hali niliyokuwa nayo nilipokaa mezani asubuhi na simu yangu.

Kampuni ya kwanza ilinikataa kwenye mtandao kabla sijamaliza kujaza. Nilipoandika tu kosa langu, ukurasa ukabadilika: samahani, hatuwezi kukuhudumia. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu ilinipa bei inayoshinda bei ya gari lenyewe, nikajikuta nacheka peke yangu kama niliyepagawa. Ya nne nilipiga simu, akapokea kijana mchangamfu, tukaongea vizuri mpaka nilipotaja kufungiwa leseni. Uchangamfu ukaisha. Akaniuliza nilikuwa nakimbilia wapi.

Sikuwa nakimbilia popote. Mimi sijawahi kuendesha kwa kasi katika maisha yangu, naendesha kama nimebeba mayai. Kosa langu si mwendo. Kosa langu ni kunyamaza.

Nilieleze hapa, maana sijapata kulieleza popote.

Kiangazi cha mwaka juzi baba mkwe wangu alikuja kutoka Pemba kututembelea. Ujanani hadi uzeeni alikuwa dereva wa lori la karafuu, na anachojivunia kuliko hata wajukuu ni kwamba hajapata kugusa gari la mtu. Tukamwandikisha kwenye bima yangu, kila kitu halali, ili aende msikitini mwenyewe siku za Ijumaa. Mume wangu Omari hajui kuendesha, kwa hiyo gari ni langu na jina ni langu. Baada ya wiki chache ikaja barua ya polisi. Gari lako limepita kamera kwa kasi kwenye barabara ya mwisho maili ishirini kwa saa, tuambie nani alikuwa anaendesha. Ilikuwa Ijumaa. Kabla sijajua la kufanya, ikaja ya pili. Ijumaa nyingine, kamera ile ile.

Sasa nifanye nini? Niandike jina la mkwe wangu niwapelekee polisi? Mtu ninayemwita Baba, ambaye jina lake halijapata kutoka mdomoni mwangu tangu nilipoolewa, yupo sebuleni kwangu anasoma Yasini, nami nimshitaki? Kwetu mkwe hata sauti huipandishi mbele yake. Niseme ni mimi? Huo ni uongo, na hapa mtu anafungwa kwa uongo wa namna hiyo. Kusema uongo sikutaka, kumtaja sikuweza, nikanyamaza. Nilidhani watachoka, watanitumia faini, nitalipa, yaishe kimyakimya.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wangu ulikuwa wa mahakamani.

Kumbe katika nchi hii kutomtaja dereva ni kosa zito kuliko la dereva mwenyewe. Kila barua niliyoinyamazia iliniletea pointi sita za adhabu kwenye leseni, na barua mbili zikatosha kunifungia leseni. Baba wakati huo alikwisharudi Pemba na zawadi zake. Nilimwambia Omari kwamba ni mwendo wangu tu, bahati mbaya. Akaamini. Akaanza kuniita dereva wa rali, akacheka, na sikumwona ubaya.

Ubaya ni kwamba alimsimulia babake.

Tangu hapo Baba hunipigia simu kila Ijumaa wakitoka kuswali, huku London bado asubuhi, kunipa nasaha. Leo pia. Nimekaa na kampuni ya tano inanipigia muziki sikioni, simu ya Baba ikaingia, nikaikata kampuni. Ningefanyaje? Akaniambia, kwa upole wake wote, "Mwanangu, gari halitaki haraka. Mimi nimeendesha miaka na miaka, siri ni mguu mwepesi." Nikamwambia ndiyo, Baba. Ahsante, Baba. Nilipoweka simu chini nilifungua friji nikaifunga kwa nguvu, chupa zikalia. Nilikuwa na hasira naye, nayaandika haya kwa aibu.

Mchana akapiga wifi yangu Mwanaidi, yule mwenye ua. Roho yake nzuri, na haraka zake nyingi. Akasema ninajitesa bure, bima ikatwe kwa jina lake, yeye ndiye awe dereva mkubwa na mimi niandikwe wa pili, bei itashuka. "Wifi, jina ni jina tu, chukua langu." Nitasema kweli, nilikaribia kukubali. Nusu ya watu ninaowajua wanaendesha hivyo. Lakini gari ni langu na anayeliendesha kila siku ni mimi, na wakigundua, bima inafutwa kama haikuwepo, na safari hii ningekuwa na uongo wa kweli shingoni. Nikamshukuru, nikamwambia jina lake alitunze lina kazi zake. Akanuna kidogo. Nimeudhika sana kwa hilo, kwamba katika ukoo huu jina la mtu naweza kuazimwa bure, lakini kulitamka siwezi.

Nilipokuwa karibu kukata tamaa nikampata dalali wa bima, mwanamke, anayeshughulika na watu waliotoka kufungiwa leseni. Huyu hakunisimanga. Aliniambia kampuni hazimwogopi sana mwenye mwendo, kwa sababu mwendo wanaujua bei yake. Wanamwogopa aliyenyamaza, kwa kuwa hawajui anaficha nini. Halafu akasema ipo kampuni moja inayosikiliza. Lakini inataka maelezo, na simu inarekodiwa: nani alikuwa anaendesha, na kwa nini hukusema.

Nilisikia pumzi yangu kwenye simu.

Omari alikuwa chumbani anapumzika kabla ya zamu, na fleti yetu ukikohoa jikoni wanakuitikia chumbani. Saa ya ukutani ilikuwa inakimbilia kufungwa kwa ofisi. Nikamfikiria Bi Shirin na sahani inayoondolewa. Nikafikiria pia kwamba mficha uchi hazai, na mimi nimeuficha uchi usio wangu mpaka nimebaki bila kazi ya maana. Dalali akauliza kama bado nipo.

"Ni baba wa mume wangu," nikasema. "Anaitwa Faki Hamad."

Basi. Sikuangukiwa na dari. Nikaeleza yaliyobaki, kwamba kwetu mkwe ni mzazi wa kuheshimiwa, kwamba sikujua kunyamaza ni kosa, kwamba yeye alikuwa halali kuendesha. Dalali akaniacha na muziki muda mrefu, akarudi na jibu. Wamekubali, pamoja na kulitumia gari kazini. Bei ni mbaya, lakini ni bei ya binadamu. Sharti lao ni kwamba nitafungiwa kisanduku ndani ya gari kipime mwendo wangu, mimi, mbeba mayai. Na dereva mwingine yeyote haruhusiwi kuongezwa. Nikakubali. Cheti kikaja, nikakituma kwa msimamizi, akanijibu neno moja: Jumatatu. Nikaegemea sinki nikalia.

Nilipogeuka Omari alikuwa mlangoni, na fulana ya kulalia.

"Kumbe alikuwa Baba?"

"Ndiyo."

Akakaa. Akawa anauzungusha ufunguo wa nyumba mezani. Nilitaka anikasirikie ili na mimi nipate nafasi ya kumkasirikia. Badala yake akauliza kwa nini sikumwambia yeye, angalau yeye. Nikamwambia, ungefanya nini, ungemtaja? Akaacha kuuzungusha ufunguo. Kisha akakumbuka mambo ya rali, akajishika kichwa, akaniomba radhi, radhi ya kweli. Nikaipokea, lakini si yote. Miezi sita ya kusimama kwenye vituo vya basi kwenye baridi haiishi kwa radhi moja.

Halafu akasema lile lililobaki, huku anatazama sakafu. Baba anakuja tena msimu huu wa joto. Tiketi ameshakata. Na ameomba aandikishwe kwenye bima kama mara ile, aende msikitini mwenyewe.

Nikacheka. Sijui kicheko gani kile.

"Hawezi," nikamwambia. "Haruhusiwi. Na atauliza kwa nini. Safari hii utamwambia wewe, Omari. Mimi jina lake nimeshalitaja, sehemu yangu nimeimaliza."

Akasema sawa. Akasema atampigia leo hii, njiani akienda kazini, kabla mzee hajalala, amwambie yote, kamera na barua na mahakama, mtoto kwa baba yake. Alivaa viatu kwa haraka ya mtu aliyeamua. Nilimheshimu kwa hilo.

Dirisha letu linatazama kituo cha basi. Nimesimama nyuma ya pazia namwangalia. Ametoa simu, ameitazama, ameirudisha mfukoni. Ameitoa tena. Ameiweka sikioni na midomo haisogei, nadhani hata hajabonyeza. Ameitoa sikioni, ameifuta mvua kwa mkono wa koti, ameirudisha mfukoni. Basi limekuja, amepanda, amekaa ghorofa ya juu, mikono yote miwili mapajani.

Kwa hiyo sasa na yeye anajua. Nami najiuliza nitamkasirikia vipi mtu aliyeshindwa kwenye kile kile kilichonishinda.

Nimemkasirikia vivyo hivyo.