Sifuri Nilizoandika kwa Mkono Wangu

Kolwezi, Alhamisi, mwezi wa kumi. Joto la kungojea mvua, vumbi la malori mpaka ndani ya meno. Leo sina moyo mzuri kwa mtu yeyote, afadhali niseme mapema.

Nina hasira na enjenia. Nina hasira na mimi pia, na hiyo ndiyo inauma zaidi.

Ngoja niandike kwa mpango. Kwenye kliniki ya hapa Dilala ambapo mi nafagia, kuna seva tano za zamani zinazobeba fishi, yaani kadi za wagonjwa wote. Zimechoka. Daktari mkuu anataka kununua mashini moja mpya, zile tano ziishi ndani yake kama vyumba ndani ya nyumba. Enjenia wetu wa kompyuta anaviita vyumba hivyo mashini pepe. Ila kabla ya kununua, lazima ijulikane hizi tano zinafanya kazi kiasi gani, na programu yake ya kupima ilikataa kuingia kwenye mashini za zamani hivyo. Basi wakatafuta mtu wa kusoma kwenye skrini, kila saa, mwezi mzima, namba za kazi ya kila seva, sifuri mpaka mia, na kuziandika kwenye kaye, daftari. Nikawa mi, niliyeacha masomo mwaka wa pili wa sekondari. Daktari mkuu akaniahidi: ukiandika vizuri, utatoka kwenye ufagio, utakuwa msaidizi wa chumba cha mashini.

Siku ile nililia kwa furaha. Nilimwambia hata mtoto wangu Exaucée, wa miezi minane, asiyejua seva ni kitu gani.

Niliandika kama niko kwenye mtihani. Enjenia alinipa agizo moja tu: kisanduku kisibaki wazi. Na umeme wa hapa mnaujua. Ukikatika, jenereta inashika chumba cha upasuaji na friji ya chanjo, basi. Seva zinazimika. Mi nafika na kalamu yangu, skrini nyeusi, kisanduku kinaningoja. Nikaandika sifuri.

Sifuri, sifuri, sifuri. Siku nyingine mchana mzima.

Hakuna aliyeniambia niandike hivyo. Ni akili yangu.

Leo asubuhi enjenia akatuita, mi na watu wa mapokezi, kwenye ofisi ya daktari mkuu. Alikuwa amejumlisha kila kitu, na sifuri zangu zote, akagawanya apate wastani. Akacheka. "Hizi mashini zinalala tu. Tununue kadogo."

Mi ninaijua saa moja asubuhi, wamama wanapofika na watoto mgongoni. Namba inapanda tisini na kitu, feni zinalia kama pikipiki iliyopakia watu watatu, na kule mapokezi fishi inagoma kufunguka. Wiki iliyopita nilikuwa kwenye foleni hiyo mwenyewe. Exaucée anawaka homa kifuani pangu, nesi anatazama skrini, anarudia, "Mama, ngoja kidogo." Sasa wanunue mashini ndogo?

Ningeweza kunyamaza. Kazi niliyoahidiwa ilikuwa mbele yangu pale pale.

Nikasema. "Tata enjenia, zile sifuri haiko kulala. Ni courant ilikuwa inakatika. Ni mi niliandikaka bile."

Hata hakunitazama. "Mama Exaucée, weye kazi yako ni kufagia. Hesabu achia benye balisoma." Waliosoma, yaani yeye.

Mama Kapinga wa mapokezi, ambaye mdomo wake haufungwi na mtu, akamrukia: "Basi tata, tukitia mu hesabu siku unashinda njaa, tutasema iyo tumbo yako kubwa inakulaka kidogo?"

Watu wakacheka, hata daktari mkuu. Enjenia hakucheka. Akaichukua kaye yangu, niliyoifunika vizuri kwa plastiki, akaitupa mezani kama kitambaa cha kupangusia. Akasema mwezi mzima umepotea juu ya mjinga mmoja, na mjinga huyo asikanyage tena chumba cha mashini na kalamu.

Mjinga. Mbele ya watu.

Yeye mwenye diploma aliishika kaye hiyo juma zima. Kila penye sifuri, ni seva zote tano kwa pamoja. Hakujiuliza seva tano zinalalaje pamoja saa sita mchana, siku ya kazi?

Daktari mkuu akakata maneno. Mashini ndogo hainunuliwi. Jumatatu kipimo kinaanza upya, saa za umeme kukatika zinaachwa nje, saa za asubuhi zinahesabiwa peke yake, na enjenia ataandika mwenyewe. Juu ya kazi yangu akasema, tutaona.

Hiyo "tutaona" ya wakubwa naijua.

Nakubali nilikosea. Ningeuliza siku ya kwanza, ningeandika "hakuna umeme," yakaisha. Sikuuliza kwa sababu niliogopa waone sikusoma. Wamekuja kuona vilevile, na kwa ubaya zaidi.

Lakini kazi ile bado naitaka. Kesho nitamwandikia daktari mkuu barua ya kuiomba, na ndani nitaeleza kosa langu na namna ya kulirekebisha. Na Jumatatu nitawahi kufagia chumba cha mashini, nimwekee enjenia kiti mbele ya skrini, karibu kabisa na zile feni za seva zinazolia.

Saa moja ifike, akae. Aandike.