Soprano Iliyowaangukia Besi

Ihanda, Jumamosi

Mdogo wangu Adela,

Salamu kutoka kwenye migomba na mvua. Sijatulia tangu asubuhi. Kompyuta ya kanisa hapa ina programu tofauti na yako. Imefungua faili la wimbo uliotutungia na kuvuruga nota, mstari wa soprano ukawaangukia besi. Wazee wa besi wakaimba sauti ya juu walivyoona kwenye karatasi, mishipa ikawatoka shingoni.

"Dada, tumemkosea nini mdogo wako?" akauliza mwalimu wa kwaya.

Ibada ni kesho! Natafuna punje za kahawa huku nikiandika nota upya ubaoni. Nyimbo zako nyingine zihifadhi kwa mfumo huria, zifunguke kwenye programu yoyote. Wimbo huu wazee wamekataa kuuacha. Wamesema hawaendi nyumbani mpaka waupate.

Nakukumbatia,
Dada Eliwaza